Gauni la Shangazi Mnene

Fundi aliushika ule mshono uliotatuka, akautazama kwa mwangaza wa mlangoni, kisha akatikisa kichwa.

"Maalim," alisema, "gauni hili halikukatiwa mtu huyu, wala halikukatiwa mtu wa jinsi hii."

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, katika kiduka cha cherehani kilichomo Mji wa Kale, Mombasa, ambamo mimi huenda kunywa kahawa na kuokota habari za mji. Mbele yetu alisimama kijana wa miaka 17, kimo chake futi sita na ushei, mabega kama ya mchukuzi wa bandarini. Alikuwa amevaa suruali yake ya shule, na juu yake gauni la maua mekundu lililokuwa limemkwama kifuani. Mkono mmoja wa gauni umepasuka kwapani. Wa pili ulifika juu ya kisugudi ukakataa kuendelea. Kijana ameinamisha uso, na nje barazani watoto wawili wa jirani wameziba midomo kwa viganja wakicheka.

Kisa chenyewe ni hiki. Shule ya kijana huyo ni ya wavulana watupu, nayo ilikuwa ikijitayarisha kwa mashindano ya michezo ya kuigiza. Mchezo waliouchagua ni wa mjane mmoja mwenye shamba la minazi, ambaye mumewe akisha kuzikwa hujiwa na watu wenye makaratasi, wakamwambia kuwa ardhi waliyozaliwa juu yake wanawe si yake. Habari hii msomaji wa Pwani hahitaji kufasiriwa. Karibu mchezo wote umo mikononi mwa mjane huyo: yeye ndiye anayejibizana na wale watu, yeye ndiye anayewakusanya watoto, na yeye ndiye anayebaki amesimama mwisho. Katika wavulana wote waliojaribiwa, mmoja tu ndiye aliyeweza kuyasema maneno ya yule mama hata wenziwe wakanyamaza. Kwa bahati, au kwa msiba, ndiye huyu mwenye mwili kupita wote.

"Akisema nami nimefumba macho, namwona mama yangu," Maalim alituambia. "Nikifumbua, naona gauni lililopasuka. Na watu wakimcheka mjane, mchezo umekwisha. Shamba limekwenda na hakuna aliyejali."

Maskini Maalim alikuwa amekwisha kuzunguka. Alikwenda Kongowea kwenye mitumba, akapekua marobota. Alipita madukani Biashara Street, wenye maduka wakamuuliza anamnunulia nani, akashikwa na haya akatoka. Alimwomba mkewe, kisha mashemeji zake, kisha jirani mmoja aliyejaaliwa mwili, ambaye alikasirika kwa kuulizwa tu na hadi sasa salamu huitikia kwa shida. Gauni kubwa kabisa alilolipata ni hilo la maua mekundu. Kiunoni lingaliweza kuwaingia wasichana wawili, lakini mabegani lilimkaba kijana kama mkono wa polisi.

Mimi si fundi, basi nikauliza. Nilikuwa nikidhani kubwa ni kubwa.

"Sivyo," alinijibu fundi, naye alikwisha kuivuta futi yake shingoni. "Mwanamke akinenepa, nguo yake huongezwa hapa, na hapa, na hapa." Akaonyesha kifua, kiuno na nyonga. "Mabegani huongezwa kidogo mno, kwani mfupa haunenepi. Mwanamume mkubwa kama huyu, ukubwa wake uko kwenye mfupa. Mgongo mpana, bega limetoka nje, mkono mrefu, shingo nene. Ukimpa gauni la mwanamke mnene, juu litapasuka na chini litapwaya kama tanga lisilo upepo."

Kisha kuna urefu wa kutoka begani hadi kiunoni. Kwa mtu mrefu, kiuno cha gauni la dukani humpanda hadi mbavuni, akaonekana kama mtoto aliyevishwa nguo ya mwaka juzi. Na ile mikunjo inayoshonwa kifuani ili nguo ishike umbo la mwanamke, kwa mwanamume husimama mitupu kama mfuko usio pesa. Lakini ubaya mkubwa, alisema fundi, uko kwapani. Tundu la mkono wa gauni la kike hukatwa dogo na juu. Mtu akiwa amesimama tu hatajua. "Ni pale anyanyuapo mkono. Na mjane wako, Maalim, hatakosa kunyanyua mikono kumwomba Mungu."

Basi nilipokuwa nikinywa kahawa yangu nilimkumbuka Bwana Falstaff. Huyu si mtu wa kweli; ni mtu wa kubuniwa katika mchezo wa Shakespeare uitwao The Merry Wives of Windsor, uliopigwa chapa kwa mara ya kwanza mwaka 1602. Ni mzee mnene, mlevi na mwongo, ajionaye kuwa wanawake wote wanamtaka. Amewaandikia wake za watu wawili barua za mapenzi zilizo sawasawa neno kwa neno, nao wameonyeshana na kuamua kumtia adabu. Mara moja amekwisha kutolewa nyumbani ndani ya kapu la nguo chafu na kumwagwa mtoni. Mara ya pili mwenye nyumba yuaja, kapu Falstaff halitaki tena, na njia pekee iliyobaki ni kumtoa akiwa amevaa nguo za kike.

Hapo ndipo linapokuja swali lililomshinda Maalim. Wale wanawake wawili wanatazamana: gauni la kumtosha mtu huyu litatoka wapi? Hakuna nyumbani gauni la upana ule. Mara mmoja anakumbuka kwamba mtumishi wake ana shangazi, mwanamke mnene wa Brentford, na gauni lake limo humo humo ndani, juu ghorofani, pamoja na kofia yake na kitambaa cha kujifunika uso. Naye ni mkubwa kama Falstaff. Anavishwa, anatoka, gauni linamwenea. Ila mwenye nyumba anamchukia yule shangazi kwa kumdhania mchawi, na huyo mzee mnene anapigwa bakora hadi mlangoni. Bwana mmoja aliyekuwa pale alishangaa kuona ndevu chini ya kitambaa cha yule bibi, lakini alizidi kuamini tu kwamba ni mchawi.

Nilipomsimulia fundi alicheka hata akalegeza mguu kwenye cherehani. Kisha akasema neno ambalo sijaliona katika vitabu vya wataalamu: "Huyo mzee ukubwa wake ni wa tumbo. Ndiyo sababu gauni la mwanamke mnene lilimwingia. Mtu wa tumbo na mwanamke mnene waweza kuazimana nguo. Mleteni huyo shangazi hapa, na gauni lake litampasukia kijana huyu vile vile."

Cha kuchekesha zaidi ni kwamba wale wanawake wawili wanaohangaika kutafuta gauni, siku zile za Shakespeare walikuwa wenyewe ni wavulana. Mwanamke kupanda jukwaani Uingereza halikuwa jambo la kawaida mpaka michezo iliporudishwa mwaka 1660 baada ya kufungiwa miaka kadhaa. Wale waliosoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1969, watamkumbuka Portia, yule bibi anayejifanya mwanasheria wa kiume mahakamani. Basi zamani zile alikuwa ni mvulana aliyevaa kike, akajifanya mwanamke aliyevaa kiume! Lakini wale walikuwa vijana wadogo, wembamba, sauti haijavunjika, na magauni waliyaingia bila taabu.

Taabu huja pale mwanamume mzima anapotakiwa awe mwanamke. Na waliolijua jambo hilo vizuri kuliko wote ni Wajapani. Katika michezo yao iitwayo kabuki, serikali iliwapiga wanawake marufuku mwaka 1629, na wavulana nao mwaka 1652, hata ikabidi wanaume wakubwa wajifunze kazi hiyo. Wameifanya mpaka leo, na huhesabiwa kuwa ni elimu, baba humrithisha mwana.

Nguo yao, kimono, haikatwi kwa kufuata umbo la mwili. Kitambaa chake hufumwa chembamba, upana wa kama sentimita 36 hadi 38, na vipande huungwa vikiwa vimenyooka. Kimono cha kike hukatwa kirefu kuliko mwenyewe, na kinachozidi hukunjwa kiunoni chini ya mshipi. Mtu mrefu yeye huula ule mkunjo wote. Taabu nyingine ni mkono: kutoka uti wa mgongo hadi kifundo cha mkono kuna vipande viwili tu vya kitambaa, na kitambaa kina mpaka wake, basi mwenye mkono mrefu kifundo humtoka nje. Kwa hiyo nguo za jukwaani hushonwa kwa kipimo. Hata hivyo kazi yenyewe iko mwilini, si katika nguo. Mwigizaji huvuta mabega nyuma na chini mpaka mifupa ya mgongo ikaribiane, hukunja magoti ndani ya nguo yeye mwenyewe akazidi kuwa mfupi, huficha viganja ndani ya mikono mipana, na akisimama karibu na mwenziwe aliye mwanamume, husimama nyuma kidogo. Bandō Tamasaburō wa tano, aliyezaliwa mwaka 1950, ni mrefu kwa kazi hiyo kuliko waliomtangulia. Naye mwaka 2012 nchi yake ilimpa cheo cha hazina hai ya taifa. Kijana wetu alipoambiwa habari ya kukunja magoti, alijaribu pale pale. Alifupika kweli. Ila gauni lilipasuka mahali pengine.

Lakini aliyenikaa moyoni zaidi ni mtu wa Bara Hindi, na kwake nitakaa kidogo.

Jina lake la kuzaliwa ni Narayan Shripad Rajhans, na alizaliwa mwaka 1888. Husimuliwa kuwa alipokuwa mtoto aliimba mbele ya Tilak, yule kiongozi mashuhuri wa Pune, naye ndiye aliyemwita Bal Gandharva, na jina hilo likamganda. Mwaka 1905 aliingia katika kundi la Kirloskar, lililokuwa likicheza michezo ya nyimbo kwa lugha ya Kimarathi. Wakati ule wanawake wa majumba ya heshima hawakupanda jukwaani, basi sehemu za kike zikawa zake. Mwaka 1911, siku ya kwanza ya mchezo uitwao Manapman, mtoto wake wa kike alifariki dunia. Watu walikwisha kukata tikiti. Aliwaambia wenziwe mchezo uendelee, akavaa sari, akatoka kuimba.

Mwaka 1913 aliunda kundi lake mwenyewe, na hapo ndipo mambo ya nguo yalipokuwa makubwa. Huyu bwana hakutaka kitu cha bandia. Sari ziwe za hariri na zari za kweli, mapambo ya kweli, hata manukato yanayonukia mbele ya watazamaji yawe ya kweli. Mabibi wa Pune na Bombay walikwenda kutazama mchezo na kutazama nguo pia: sari ya mwaka huu hufungwaje, maua ya nywele huwekwa upande gani. Hebu fikiri, mwanamume awafunze wanawake wa mjini namna ya kuvaa! Na katika watazamaji hao, sijasoma popote kwamba walikuja kumcheka.

Siri moja iko katika nguo yenyewe. Sari ya Kimarathi ni yadi tisa za kitambaa kisichokatwa. Haina bega wala kwapa. Mnene huifunga marinda machache, mwembamba huifunga mengi, mrefu huishusha, mfupi huipandisha. Yenye saizi ni ile blauzi ya ndani tu, na blauzi fundi huitengeneza kwa siku moja. Wakati Bal Gandharva alipokuwa kijana alikuwa na umbo dogo, lakini miaka ilivyozidi alinenepa, uso ukajaa, na bado aliendelea kutoka kama msichana anayeposwa. Sari ilimstahi. Kama ni gauni la Kizungu, nadhani lingalimwaibisha mapema zaidi.

Mwaka 1919 alicheza Ekach Pyala, mchezo wa mke wa mlevi. Mtu aliyezoeleka katika zari alivaa sari ya viraka, kwa kuwa mke wa mlevi hana nyingine. Mimi huona kwamba hiyo ndiyo nguo iliyokuwa ngumu kuliko zote alizowahi kuvaa, maana haikuwa na kitu cha kumficha.

Zile hariri za kweli zilimla. Kundi liliingia katika madeni, sinema zikaja zikawachukua watazamaji. Mwaka 1935 yeye mwenyewe alijaribu sinema, akacheza Dharmatma kama mtakatifu wa kiume, lakini moyo wake haukuwa huko; alirudi jukwaani na sari zake. Serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Bhushan mwaka 1964. Alifariki mwaka 1967 akiwa hana mali, na mwaka uliofuata Pune ikafungua jumba kubwa la michezo kwa jina lake.

Sinema nazo zina visa vyake, ingawa huko aghalabu nia ni kuchekesha. Mwaka 1959 Billy Wilder alitengeneza Some Like It Hot, habari ya wapiga muziki wawili wanaowakimbia majambazi wakajificha ndani ya bendi ya wanawake. Tony Curtis na Jack Lemmon walipopewa magauni ya ghala la studio, yaliyokwisha kuvaliwa na waigizaji wa kike, hayakuwakaa. Ndipo ikaamriwa washonewe kwa kipimo na Orry-Kelly, fundi yule yule aliyekuwa akimshonea Marilyn Monroe. Aliwapandishia kola mpaka juu ili kuficha kikoromeo cha shingoni. Kwa nguo za sinema hiyo Orry-Kelly alipata tuzo ya Oscar. Wahindi nao walikifanya kisa hicho upya mwaka 1975 katika Rafoo Chakkar, Rishi Kapoor na Paintal wakiwa ndani ya magauni.

Na nani katika sisi tuliokulia kwenye majumba ya sinema ya Mombasa ambaye hakumwona Amitabh Bachchan katika Laawaris ya mwaka 1981? Katika wimbo mmoja yule mtu mrefu kama mnara anatoka amevaa kama mke mrefu, kisha mke mnene, mke mweusi, mke mweupe, na mke mfupi. Jumba zima lilikuwa likipiga kelele. Nilicheka nami. Lakini nikifikiri sasa, tulichokuwa tukichekea ni nini hasa kama si wake wenyewe, mnene kwa unene wake na mfupi kwa ufupi wake? Nguo pale ilitakiwa isimkae vizuri. Ndiyo kazi yake. Kicheko kile kile ndicho Maalim alichokuwa akikiogopa.

Haya, turudi Mji wa Kale. Msomaji amekwisha kujiuliza, na haki yake kujiuliza: mbona watu wa Pwani, Waislamu, tunazungumza habari ya kumvika mwanamume nguo za kike kana kwamba si kitu? Hadithi aliyoipokea Ibn Abbas, iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, ya kulaaniwa wanaume wanaojifananisha na wanawake na wanawake wanaojifananisha na wanaume, iko wazi na kila mtoto wa chuoni ameisikia. Wapo masheikh wasemao mchezo si udhuru. Mzee mmoja wa baraza yetu alisema heri mjane awe sauti tu nyuma ya pazia, kama katika michezo ya redio, na watazamaji wajionee wenyewe. Si rai mbaya. Maalim aliifikiri siku mbili. Alisema mwanamke wa shamba la minazi amekwisha kuwekwa nyuma ya pazia na wale wenye makaratasi, na yeye hapendi kumweka huko mara ya pili.

Aliyekuwa na neno zaidi ni baba wa kijana, mtu wa msikitini, asiyepiga kelele. Alikuja dukani siku ya tatu, akatoa salamu, akakaa. Hakumtazama mwanawe, alilitazama gauni.

"Fundi," alisema, "mjane huyu mumewe amekufa lini?"

"Katika mchezo, wiki mbili, bwana," Maalim alijibu kwa niaba ya fundi.

"Basi yumo katika eda. Miezi minne na siku kumi hajipambi. Mjane wa wapi avaaye maua mekundu?"

Tulinyamaza sote. Watu watano tulikuwa tumehangaika na mabega na kwapa, na hakuna aliyeliona hilo.

Akaendelea taratibu. Alisema hapendi mwanawe atiwe rangi ya midomo, wala ajazwe matambara kifuani, wala atembee kwa kujitikisa. Mwanawe atamsema mama wa watu kwa maneno ya mama wa watu, na akiweza kufanya hivyo bila ya hayo, na afanye. Akiwa hawezi, arudi nyumbani asome. Mimi nilimwona Maalim akishusha pumzi, kwa sababu hayo ndiyo aliyokuwa akiyataka yeye tangu mwanzo ila hakujua namna ya kuyasema.

"Na leso peke yake?" niliuliza, nikidhani nimepata jawabu. Kijana alifungwa leso kifuani juu ya fulana. Leso zetu ni za sentimita 150 hivi kwa 110. Kwa urefu wa kijana yule iliishia katikati ya miundi, na miundi yenyewe ni ya mcheza mpira. Baba mtu alitazama pembeni.

Fundi ndiye aliyekata shauri. Aliitupa kando ile karatasi ya kukatia gauni, akachukua bafta nyeupe yadi tano, akaitandika sakafuni. Mwenye kujua ushonaji wa zamani angelijua anachokifanya tangu mkasi wa kwanza. Alikata badani mbili zilizonyooka, mbele na nyuma, kwa upana wa mgongo wa kijana. Ubavuni akatia taharizi, mbili kila upande, zikipanuka kwenda chini. Kwapani akatia vikwapa, vile vipande vidogo vya pembe nne ambavyo mafundi wa siku hizi hawavitaki kwa sababu vinachukua muda. Mikono akaiacha mirefu na mipana, shingoni akatia kaba bila kola. Mikunjo ya kifuani hakuna. Kiuno hakuna. Nguo ilipokwisha aliichovya katika maji ya chai hafifu, ili isimetemete chini ya taa na ionekane imefuliwa miaka.

Baba wa kijana alirudi kuitazama. Aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole juu ya kikwapa, akatazama taharizi, kisha akamkazia macho fundi.

"Hii ni kanzu."

"Kanzu, bwana," fundi alisema. "Leso mbili zikiwa juu yake, moja kiunoni na moja kichwani, watu wataona mama. Zikiondoka, kijana wako amevaa kanzu."

Yule mzee alikaa kimya kitambo, na sikuweza kujua kama ameridhika au ametekwa. Kisha akauliza bei.

Siku ya mashindano nilikwenda. Kijana alipotokea, nyuma ya ukumbi kulikuwa na miluzi na mtu mmoja alipiga kelele ya mbu, hilo lilitarajiwa. Alikuwa mkubwa, hakuna aliyeweza kuuficha ukubwa wake, na hakuna aliyejaribu. Alikuwa ni mwanamke mkubwa wa shamba, kama wale unaowaona wakivuka feri na vikapu, ambao hakuna mtu huthubutu kuwapiga kikumbo. Wale wenye makaratasi walipomwambia atie kidole gumba kwenye wino, alinyanyua mikono yote miwili juu ya kichwa kuomba. Mimi, Mungu anisamehe, sikusikia ile dua. Nilikuwa nikitazama makwapa. Hayakupasuka. Miluzi ilikuwa imekoma zamani, nami sikujua imekoma saa ngapi.

Walitoka wa tatu. Baba yake, aliyekuwa amekaa kiti cha mwisho karibu na mlango, alisema tu kwamba leso ya kiunoni ingefungwa juu kidogo.

Nguo ile haiko tena shuleni. Shangazi yake Maalim, mtu wa Likoni na mwenye mwili wake, aliiona imeanikwa uani kwa Maalim, akaijaribu, akaondoka nayo. Ameambiwa mara mbili kwamba ni mali ya shule. Anajibu kwamba katika umri wake wote hajapata kuvaa nguo isiyomkata kwapani, na kama shule yaitaka na imfuate. Wiki jana nilipopita dukani, fundi alikuwa ametandika bafta nyingine sakafuni. Aliniambia ni za rafiki zake yule shangazi, wanne, na kwamba yule kijana naye huja jioni kumsaidia kukata taharizi.